Mbao za Theluji Mbugani

Jumatano, 1 Novemba 1978

Watakatifu Wote. Baada ya Misa wanajeshi wamekuja kuichukua Land Rover ya zahanati. Inakwenda mpakani, Kagera, vitani. Tumeisukuma ikawaka, watu wakapunga mikono. Na mimi nikapunga! Kisha nikabaki nimesimama kwenye alama za tairi. Mvua ziko karibu, na mdogo wangu Limi ana mimba ng'ambo ya mbuga, lile bonde la udongo mweusi linalogeuka tope.

Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu. Daktari alimwambia mbele yangu: usijaribu kujifungulia nyumbani tena, kovu litapasuka. Mdogo wangu akaitikia "ndiyo" kwa adabu, kama anayeambiwa habari za mtu mwingine. Mimi ni mkunga. Mkunga hapasui tumbo. Ninachoweza ni kumtoa kule kabla mbuga haijajaa, nimfikishe hapa barabarani, apande lori la kwanza mpaka hospitali.

Kilichobaki ni pikipiki tu. Naiogopa ile piki.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimevuka leo, mbuga bado kavu, nyufa zinameza mguu. Nilikwenda kumchukua Limi. Nimerudi peke yangu.

Mumewe, Bujiku, amekwenda na mgambo, kwa hiyo mwenye neno ni mama mkwe, Mama Bujiku. Nikasalimia, shikamoo mayu, huku ndivyo tunavyomwita kila mama, akajibu marahaba mwanangu, nikakaa, nikala viazi. Ndipo nikauliza mimba ina miezi mingapi. Limi akachungulia chungu. Najua, najua — kwetu mwezi wa mimba hautajwi. Mwenye jicho baya akiusikia anajua wapi pa kushika. Lakini mimi ni dada yake wa tumbo moja! Mama Bujiku akasema bado sana, mayu, tupande kwanza, tupalilie, uje baada ya Noeli.

Limi alijifunga kanga tatu, akakataa kulala nimpime. Nikapapasa kwa juu. Nimekisia wa sita. Nimekisia tu, na naogopa.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimempelekea fundi Jilala piki. Nikamwambia nataka kuvuka mbuga katikati ya mvua. Akacheka mpaka akakaa chini.

Sina hamu ya kucheka. Mwaka jana nilikwama mle nikienda kumzalisha Melania. Udongo mweusi ulijaa kati ya tairi na madigadi ukakauka kama saruji, gurudumu halizunguki. Niliiacha, nikatambaa. Nilifika wanachimba kaburi. Tangu hapo nikisikia radi namwona mume wa Melania ameshika jembe, ananisalimia vizuri kabisa, hana lawama.

Bruda Alois wa misheni alikuwa pale akisubiri baiskeli yake. Huyu mzungu kwao ni milimani. Akasema kwao vijana wanaendesha piki juu ya theluji. Mguu mmoja huku, mwingine kule, kila mguu juu ya ubao wenye pua iliyopinda, na mnyororo kwenye tairi la nyuma. Ubao unabeba, tairi linasukuma. Jilala akauliza theluji ni laini kuliko matope ya mbuga? Bruda akafikiri sana. Akasema sijui, sijawahi kukwama mbugani. Basi wakaanza kuchora kwenye vumbi kwa bisibisi, wamenisahau.

Jumanne, 14 Novemba

Piki haitambuliki. Madigadi ya mbele imekatwa, iliyobaki imepandishwa juu. Ekzosi imeinuliwa, inatoa moshi karibu na sikio langu. Mdomo wa kuvutia hewa umeungwa na mpira kutoka zahanati, unapanda mpaka kwenye usukani ili piki isinywe maji. Tairi la nyuma limevikwa mnyororo wa kufungia fahali. Mbao ni za mninga. Jilala alizichemsha kwenye pipa, akazipinda pua, akazining'iniza kando kwa vyuma vya kitanda kilichovunjika.

Bruda akasema mbao za theluji hupakwa nta. Nta! Hicho tu ndicho tulicho nacho tele, huku nyuki ni wengi kuliko watu. Tumepaka nta nyeusi ya porini, tukaipitishia kaa la moto, mbao zikanukia asali. Plagi tumeifunga mpira wa tyubu. Petroli, chupa mbili tu, nimeichuja mwenyewe kwa kitambaa, maana tone la maji likiingia nimekwisha.

Jilala anasema, "Nesi, hii sasa haizami, hata uipande na kanisa!" Ana maneno huyu. Mikono yake inanukia kazi nzuri, lakini si yeye atakayeipanda.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua. Usiku kucha juu ya bati. Sikulala.

Jumatano, 22 Novemba

Tumejaribu pembeni mwa mbuga. Watu walikuja kama kwenye ngoma. Miguu juu ya mbao, nikaachia klachi — ikaenda! Inateleza, inayumba kama mlevi, mnyororo unarusha matope mpaka mgongoni, lakini inaenda. Nikisimama tu inaanza kuzama. Kwa hiyo sharti ni moja, nisisimame. Jilala amecheza, Bruda Alois amepiga makofi akasema maneno ya kwao.

Wote wanadhani sasa nimepona hofu. Hofu imeongezeka. Zamani nilikuwa na sababu ya kutokwenda.

Nimeanza kuota tumbo la Limi. Katika ndoto nalifungua kanga, na chini kuna kanga nyingine, na nyingine.

Jumanne, 28 Novemba

Alfajiri Justa, jirani yake Limi, amegonga dirisha la zahanati. Matope mpaka mapajani, amevuka kwa miguu na fimbo. Limi uchungu tangu jana jioni. Jana! Mama Bujiku alisema tusubiri kuche.

Nikamwuliza, Justa, kweli ni wa saba? Akatazama ukuta. Mungu wangu, wamenificha. Si wa saba.

Jilala anapaka nta. Nakwenda.

Siku hiyohiyo, mchana, kwa Mama Bujiku

Nimeweka shajara kwenye mkoba wa uzazi, sijui kwa nini. Naandika maana kwa dakika hizi sina la kufanya ila kusubiri.

Nilivuka. Nilivuka! Mara mbili ililala ubavu, mara mbili nikainyanyua kabla haijazama, nikilia kwa sauti kama mtoto, hakuna wa kunisikia ila korongo. Mbao zilibeba. Nilifika nikipiga kelele za furaha, mjinga mimi.

Limi yuko ndani. Nimempima, safari hii hakukataa. Mtoto mkubwa, ametimia, yu hai, moyo wake nausikia. Njia haifunguki. Kwenye kovu, nikigusa, anabana meno. Akikaa hapa mpaka jioni litapasuka.

Nikatoka nje niitazame piki, na hapo ndipo nilipoona. Ina mbao za miguu yangu. Ina kiti kimoja na mkoba wangu nyuma. Wiki tatu, Jilala na Bruda na mimi, mnyororo, nta, plagi, ekzosi — tulifikiria kwenda tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kurudi!

Nimejaribu kumkalisha nyuma yangu pale ukingoni. Tulizama mpaka kwenye injini hata kabla sijaondoka. Wanawake walituvuta. Limi hakupiga kelele, aliomba radhi. Aliomba radhi!

Kumbeba kwa machela? Wanaume wenye mabega wako vitani, waliobaki ni wazee. Maksai? Wiki iliyopita wawili walizama mle, wanasema pembe zilionekana siku nzima.

Ndipo nikakumbuka Bruda alivyosema, kwao mgonjwa hulazwa kwenye kitu kipana na kuvutwa juu ya theluji. Kitu kipana kisichozama. Nikauliza, mna ngozi nzima ya ng'ombe? Limi, kutoka ndani, akasema ipo moja, dada, lakini usiiombe.

Ni ya Mama Bujiku. Iko darini, ya fahali wa mahari yake. Ameitunza azikwe nayo, kama mama yake alivyozikwa. Nikamwomba. Ilikuwa kama ninaomba roho ya mtu. Akasema, "Hii ni ya maiti, mayu. Unataka kumlaza mtu hai juu ya kaburi langu?" Akaingia ndani. Nikajua basi, imekwisha, Limi wangu anakufa hapa nikiwa nimekaa kando yake.

Akatoka nayo kichwani.

Akaitandika mwenyewe uani, manyoya juu. Akavua kandambili zake, akalala. Chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa, mbele ya watu wote. Watoto wa jirani wakakimbia. Akakaa hivyo mpaka mimi nikaogopa kwamba kweli amekwenda. Kisha akafumbua macho, akasema imeshanipima mimi, inajua mwenyewe ni mimi, haitamchukua mwingine leo.

Akasimama, akajikung'uta, akanitazama usoni. Akasema kwa sauti, nje, mchana kweupe, kila mtu asikie, "Ni wa tisa. Umetimia tangu wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme."

Sikuwa na hasira, niliitafuta sikuiona. Nina hofu tu, na hofu haina nafasi ya kitu kingine.

Sasa tumeipaka upande wa chini nta yote niliyokuja nayo, na samli yake. Wanawake wametoboa kingo, wamepitisha kamba ya katani, imefungwa kwenye vyuma vya nyuma vya piki. Limi amelazwa, amefunikwa, kichwa kuelekea kwangu. Mama Bujiku anataka kutembea kando akishika pua ya ngozi isipinduke. Nimemwambia utazama. Amesema basi nitazama.

Nimepiga kiki mara mbili. Imekataa! Maji yameingia kwenye plagi tulipozama pale ukingoni. Nimeichomoa, iko kwenye majivu ya moto jikoni, inakauka. Mawingu yako upande wa Geita, meusi. Kamba itashika au haitashika. Nisisimame, nisisimame, hilo tu. Limi ameniita, nimekwenda, nikadhani anaogopa. Ameniuliza kama nimekula.

Plagi imekauka. Mama Bujiku ameshaingia matopeni, ananisubiri.