Panya Wako na Posa ya Yasmina

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 9 Machi 1999

Mpendwa mwanangu Rachidi,

Asalam aleikum. Baridi ya huko Liège imepungua? Na kile kifua chako? Sisi wazima, alhamdulillahi. Milimani risasi bado zinasikika, lakini hapa Buyenzi garaji zinafungua kila asubuhi.

Sasa nisikilize, maana shangazi yako nina kinyaa tangu Ijumaa.

Barua yako ilifika wageni wa posa ya binti yangu Yasmina wakiwa sebuleni. Unajua kwetu barua ya Ulaya haifunguliwi kwa kujificha, inasomwa watu wote wamekaa, na mgeni naye apate salamu zake. Yasmina akasoma nyuma ya pazia, kama inavyompasa anayeposwa. Salamu zikapita vizuri. Halafu wakaanza panya.

Eti kazi yako huko labo, hiyo maabara yenu, ni kuwapa panya nikotini ya sigara, kisha kuwatosa majini. Eti kabila moja wanaogelea, kabila lingine wanakata tamaa na kuelea tu. Nikotini ile ile inawachangamsha hawa, wale inawatetemesha. Sambusa zilikuwa mbele ya wageni, hakuna aliyegusa tena.

Ungeishia hapo ningekusamehe. Ukaongeza kwamba mwanangu Tajudini naye lazima ni hivyo, kwamba huzuni na sigara zake ziko katika damu ya ukoo. Yasmina akaikunja barua hapo hapo. Mama wa mchumba akaniuliza kama na mabinti zetu wanayo hiyo damu. Wameondoka, jibu watatoa baada ya Idi. Yasmina hali chakula vizuri tangu siku ile.

Mji huu watu wameulizwa kabila barabarani na kufa kwa jibu lao. Na we, mtoto wa Buyenzi, unapanga panya kwa kabila na kutuweka sisi humo. Nimechukia, Rachidi.

Sigara za Tajudini zinanichefua mi kuliko wewe, vipisi anavizimia kwenye glasi zangu za chai. Lakini hakuzaliwa hivyo. Kabla ya Khaled, fundi mwenzake, kuuawa miguuni pake mule garajini, Tajudini hakuwahi kushika sigara. Panya wako waliona nini?

Ukurasa wa mwisho niliusoma peke yangu. Kumbe kabila hizo mnazitengeneza kwa kuozesha kaka na dada, vizazi ishirini, mpaka wote wawe damu moja. Astaghfirullah. Nilitoka nje nikatema mate. Kisha nikafikiri: basi hao si sisi. Bibi yako alitoka Ujiji, babu yako Uvira, mume wangu Rumonge.

Andika hilo. Andika kwamba ulikosea, utume kwa faksi ya dukani kwa Jovithe, pale Bwiza, kabla ya Idi. Nitawaita wageni wale wale. Yasmina atasoma mwenyewe, na safari hii pazia nitaliondoa.

Assia mdogo wako anakusalimu, na Mzee wa msikitini pia. Tajudini ameniomba nikuulize kitu kimoja: wale panya waliokata tamaa, mkimaliza nao, mnawapeleka wapi?

Mungu akulinde na akurudishe kwetu ukiwa na moyo wako.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na hasira zangu zote,
Mwanasiti