Moto wa Jumapili

Springfield, Virginia
24 Aprili 2006

Mpendwa kaka Laurean,

Yesu asifiwe hapo nyumbani. Hamjambo wote? Mgongo wa mama umepata nafuu, au bado anainuka kwa kushika ukuta? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako ya kuniomba nimsimamie mwanao Adela kipaimara niliipata kabla ya Pasaka. Niliisoma kwa furaha mpaka pale uliposema paroko anataka cheti cha paroko wangu wa huku, kuthibitisha kwamba nasali. Hapo nikaikunja.

Unamkumbuka mzee Christopher ninayemhudumia, yule mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi, ambaye miguu imekataa? Jana alitaka nimpeleke Washington kuliona jengo la Bunge lao. Juu ya kuba amesimama mwanamke wa shaba, wanamwita Uhuru. Mzee akanisimulia habari ambayo, anasema, hata Wamarekani wengi hawaijui. Kwanza sanamu ile ilikuwa ya plasta, vipande vilivyounganishwa, na ilibidi ifunguliwe ili ipelekwe kunakiliwa kwa shaba. Fundi wa Kitaliano aliyeiunganisha akagoma kuonyesha inavyofunguliwa mpaka aongezwe malipo. Aliyegundua ni mtumwa, Philip Reid: aliifunga kamba kichwani, akaivuta kwa kapi polepole mpaka maungio yakajionyesha. Ilipofika zamu ya shaba, yeye ndiye aliyechochea moto chini ya kalibu za kumiminia. Malipo ya siku sita aliyachukua bwana wake. Ya Jumapili tu ndiyo aliyopewa mwenyewe.

Nikasikitika kweli, kaka. Nikasema maskini, siku ya Bwana watu wanasali, yeye anachochea moto. Mzee akanitazama, akaniuliza, "Na wewe, Benadetha, leo siku gani?"

Akacheka, akasema ananitania tu, nimsukume twende zetu, baridi inamwingia. Mimi sikuweza kucheka.

Kaka, ni mwaka wa nne huu sijaingia kanisani Jumapili. Hata misa ya Jumamosi jioni najiambia nitakwenda, nalala. Na hakuna aliyenilazimisha. Kampuni yetu ya kuhudumia wazee ilipouliza nani anataka kazi ya Jumapili, kwa kuwa inalipa zaidi, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Yule alikuwa mtumwa, mimi nilijipeleka. Yale mahubiri niliyokuwa nakuandikia, nawe ukawasomea watu kigangoni, nilikuwa nayatunga mwenyewe kwenye basi. Paroko wa hapa simjui hata jina. Na yale mabati ya kigango niliyowanunulia, mkanipigia makofi, yametoka kwenye Jumapili hizo hizo. Mnasali chini ya misa nilizokosa mimi.

Ningependa kukuambia nimeacha. Sijaacha. Jumapili ijayo nimeshapangiwa, na bado sijafungua mdomo kusema hapana.

Barua hii usiisome mbele ya watu kama zile nyingine. Mama umwambie au usimwambie, amua wewe. Ukimtafutia Adela msimamizi mwingine sitanung'unika, ila mwambie sababu ya kweli, ameshakuwa mkubwa.

Nisalimie wifi na majirani wote. Pentekoste, siku ya kipaimara, haiko mbali, kaka. Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni kwa ukali.

Mdogo wako,
Benadetha