Tarishi wa Kompyuta na Uchumba Wangu

Mpendwa Bi Inshirah,

Nisaidie, dada yangu, maana nimejitia kitanzi kwa mikono yangu mwenyewe na sijui nijinasueje. Jina langu Wagdi, ni mhandisi wa kompyuta katika kiwanda cha halua na kashata za dengu hapa Tanta, na mwaka huu mkurugenzi wetu, Haji Zuhdi, aliamua makaratasi yaishe, kila barua na kila ankara ipite kwenye kompyuta, kazi akanipa mimi, nami nikaifanya kwa moyo mmoja mpaka siku nilipomkuta Ami Mitwali amekaa kwenye kiti chake ukumbini, mikono mapajani, hana cha kubeba. Ami Mitwali ndiye tarishi wetu, amebeba mafaili ya kampuni hii tangu mimi sijazaliwa, na zaidi ya hapo ndiye baba wa Ibtihal, mchumba wangu, ambaye Fatiha tumeshasomewa na dhahabu ya uchumba ameshaivaa.

Roho iliniuma, nikafanya ujinga. Niliingiza hatua moja kwenye mfumo: hati yoyote ikitoka meza moja kwenda nyingine lazima ipitie kwa Ami Mitwali, abonyeze "Imefika", ndipo mwenyewe aione. Nilidhani atabonyeza huku amekaa anakunywa chai. Thubutu! Akiona bahasha kwenye skrini anavaa koti, anafunga vifungo vyote, anashuka ngazi mikono mitupu hadi kwa mhasibu, anabisha hodi, anasalimu, anauliza hali ya watoto, anasema, "Una barua kutoka kwa Haji," kisha anapanda tena kwenda kubonyeza. Nikamwambia, "Ami, bonyeza tu, itafika yenyewe." Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Niandike imefika, nami sijafika? Unataka nife mwongo, mwanangu?"

Basi lifti ikiharibika, barua za ghorofa ya nne zinalala. Juzi Haji alijitumia mwenyewe barua ya kujikumbusha jambo, Ami Mitwali akaingia ofisini mwake, akaizunguka meza, akamsalimu upya, akatoka. Na watu wameshazoea, barua ikichelewa wanaambiana, "Subiri, bado iko kwenye ngazi," na mwanamke mmoja wa mauzo humwekea kiti katikati ya njia ili barua zake zipumzike.

Sasa maulidi yameingia, msimu wetu mkubwa, oda ya sukari ikatumwa kwa mtu wa ghala ng'ambo ya barabara, na barabara yenyewe imejaa mahema, bembea na wageni hata paka hapiti. Ami Mitwali alijaribu kuvuka, umati ukamrudisha. Sukari haikuagizwa, halua haikupikwa. Haji Zuhdi akaniita, akanguruma: "Mhandisi! Barua ya kompyuta inazuiwa na watu wa maulidi? Hiyo ni dunia gani?" Nikasema, "Haji, hatua hiyo naiondoa sasa hivi." Akasema, "Huondoi kitu kwa maneno ya mdomo, hapa si sokoni! Utapata amri ya maandishi, na Alhamisi ikifika hujaitekeleza, rudi kwa mama yako."

Amri ameituma, dada yangu. Kwa mfumo. Iko kwa Ami Mitwali! Yeye haoni kilichomo, anaona bahasha na jina langu tu, maana mwenyewe alinikataza nisimwonyeshe barua za watu. Leo alinishika bega, uso umemchanua: "Mkwe, una barua kutoka kwa Haji. Nahisi ni cheo. Leo magoti yamegoma, kesho asubuhi nakuletea."

Nikiondoa hatua namkosa Ibtihal, kwa sababu baba yake alishaniambia, "Siku mashine yako ikinitoa mimi, nawe utoke kwangu." Nisipoiondoa nakosa kazi, na hakuna baba wa Tanta anayemwoza binti kwa kijana asiye na kazi. Nilifikiria kujifanya mgonjwa, maana asiponikuta mezani hawezi kubonyeza, lakini ruhusa ya ugonjwa nayo inapitia kwake. Nifanyeje?

Wagdi, Tanta

*

Wagdi,

Jibu hili nakutumia leo kwa simu, gazetini wengine watalisoma Ijumaa, maana jambo lako halisubiri.

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakasirika. Moyo wako ni mzuri, hilo nakubali. Lakini ulimpa mzee kazi ya uongo bila kumwambia kuwa ni ya uongo, naye akaifanya kwa ukweli wote. Sasa unamlalamikia kwa kutembea! Ulitaka afanyeje, yule anayeona haya kusema amefika kumbe amekaa?

Halafu nimeirudia barua yako nikitafuta Ibtihal anasema nini. Hakuna. Lifti imetajwa, bembea zimetajwa, mchumba wako hana hata neno moja. Unalia utampoteza, na hujamweleza kitu! Mpigie simu sasa hivi. Anamjua baba yake kuliko wewe, na huenda magoti yale yamemnyima usingizi siku nyingi.

Habari ya kujifanya mgonjwa usiirudie, unanitia aibu.

Hatua hiyo itoke. Maulidi yakipita bila halua, hakutakuwa na kampuni ya kumwajiri mtu yeyote. Lakini kwanza nenda kwa Haji Zuhdi ukiri kwamba ni wewe uliyeiweka, asije akadhani mzee ndiye mzembe. Umwombee Ami Mitwali kazi ya kweli. Msimu huu wanunuzi wanaingia kwenu tangu asubuhi: wanahitaji mtu wa kuwapokea, kuwakalisha, kuwaletea sahani ya kuonja kutoka jikoni na kuwauliza hali ya watoto. Kazi hiyo kompyuta yako haiiwezi, na yeye anaiweza hata akiwa kitini. Haji akikataa, omba tena. Wewe ni mkwe, piga magoti ikibidi.

Kisha leo hii, kabla ya kulala, nenda nyumbani kwa mzee. Usipeleke tunda wala keki, atadhani ni sherehe. Mwambie barua ile ina nini, na mwambie ni nani aliyeanzisha mchezo huu wote. Atafoka, na ana haki. Huenda akakurudishia dhahabu yako mbele ya majirani. Vumilia, na kesho yake urudi tena.

Akikunyima binti kwa sababu umemwambia kweli, utaumia, lakini utapona. Ila ukimwacha apande ngazi kesho na koti lake, akupe mkono wa pongezi, akukabidhi barua ya kumfukuza yeye mwenyewe, basi hata akikuoza Ibtihal, hutaweza kula naye sahani moja maisha yako yote.

Inshirah