Kompyuta ya Baba Imepata Mtandao

Nyumba ya pembeni, mlango wa bluu
Jumatatu, 14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Na yule Bibi Mdogo, wajina wa Mama, bado anang'ata kila anachokishika? Sisi huku wazima. Mgongo wangu tu ndio unalalamika, maana huu ni msimu wa sare za shule na cherehani haipumziki. Shemeji yako yupo, anachomelea mageti na kujisifu kama kawaida yake.

Najua utashangaa kupata barua wakati jana tu tumeonana kwa video kwenye kioo. Ningekupigia, lakini humu ndani simu ya mmoja ni simu ya wote, na Mama masikio yake hayana ugonjwa wowote.

Kwanza acha nijisifu. Ile picha safi uliyotuona nayo jana, ukauliza kama tumenunua kompyuta mpya, ilitoka kwenye kompyuta ya Baba. Ndiyo, ile ile aliyochapia kadi za harusi za mtaa mzima, ile uliyoniambia nimpe mnunua vyuma chakavu. Nimeiunganisha na mtandao mimi, kwa mikono yangu hii ya kushona mifuko ya kaptura. Meza maneno yako taratibu, yasikukwame.

Kilichonisukuma ni Mama. Unakumbuka kila ulipotuma picha ya mtoto alikuwa akisema, "Mzuri kweli, kachukua macho ya babu yake"? Siku moja nilikuwa nimeshika simu namtazamia mteja mfano wa sketi. Mama akainama, akatazama, akatabasamu: "Mzuri kweli, kachukua macho ya babu yake." Sketi, mdogo wangu. Nilijikaza nisilie mbele yake.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kitu kikubwa, kwa karibu, na daktari hakutuahidi kwamba litabaki hivyo. Basi nikajua kwamba kwenye simu mjukuu wake hatamwona kamwe, na kioo kikubwa tulichonacho ni kile cha Baba.

Nikaenda kwa fundi kompyuta wa pale karibu na duka la vitambaa. Akanieleza vizuri kwamba mashine za zamani kama ile hazina kitu cha kunasa mtandao bila waya, ila kuna kidude kidogo kama flashi, unakichomeka nyuma, unaweka programu yake, basi. Nikakinunua, pamoja na kamera ya kubana juu ya kioo. Alitaka kuja kunifungia, nikakataa. Unanijua.

Kidude kikawaka taa ya kijani, programu ikakubali, majina ya mitandao yakajipanga kwenye kioo. Wa jirani wa kulia, upo. Wa kinyozi ng'ambo ya barabara, upo. Wa kwetu, tunaoulipia, haupo. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Shemeji yako amekaa pale mlangoni anakunywa chai: "Nilikwambia hilo ni sanduku la kufugia mende." Nikaendelea kuchomoa na kuchomeka.

Sasa sikia. Tangu ruta ya jirani iibiwe, shemeji yako aliitengenezea ya kwetu kasha la chuma. Chuma kizito, bawaba mbili, kufuli, na ufunguo anao Mama kwenye pindo la kanga. Wageni wote lazima waonyeshwe lile kasha. Mtandao ukisuasua, tunaitukana kampuni.

Nikamwomba Mama ufunguo nikaangalie kama ruta inawaka. Nikafungua, inawaka. Kurudi kwenye kompyuta, jina letu liko juu kabisa ya wote. Nikamwita shemeji yako. Nikamwambia afunge kasha, jina likapotea. Afungue, likarudi. Akafunga tena mwenyewe, akafungua tena. Tulikuwa tumeufunga mtandao kama mbuzi, halafu tunashangaa haufiki chumba cha pili.

Jioni shemeji yako alileta kishikio cha chuma chembamba, akakipigilia juu ya mlango, na ruta sasa iko wazi. Lile kasha anawekea misumari, na wageni bado wanaonyeshwa. Mimi nampenda hivyo hivyo.

Sasa lililonifanya niandike. Jana ulimwambia Mama, "Mama, sogea nyuma kidogo, tunaona paji la uso tu." Ulisema mara kadhaa, mkacheka, na yeye akacheka na kusogea nyuma. Hukuona upande wetu. Alikuwa amegusa kioo kwa pua. Alipokuwa pale karibu alinishika mkono akaninong'oneza, "Ana kishimo shavuni." Ulipomsogeza nyuma, akaanza tena kusema mzuri kweli, kachukua macho ya babu yake.

Hataki ujue habari za macho yake, na wewe usimwonyeshe kwamba unajua. Ana fahari zake, na mimi nimezirithi.

Msalimie wifi yangu, mwambie gauni lake linakuja. Msalimie na binamu yetu dereva mkipishana huko. Shangazi yetu na shemeji yako wanakusalimu. Mungu awatunze, na amwachie Mama hilo jicho.

Jumapili mkikaa, mkalishe mtoto karibu na dirisha, kwenye mwanga. Na Mama akijaza kioo chako chote kwa paji la uso, mwache hapo hapo. Anamwona.

Wako akupendaye,
Dada yako, fundi nguo, na sasa fundi wa yote