Mazabodi yenye Nembo ya Mwewe

Nyahanga, Jumanne jioni

Na mimi nilijiona mjanja. Muuzaji wa mazabodi, zile bodi kuu za ndani ya kompyuta, sikumuuliza ipi inadumu, maana kwake zote ni nzuri. Nilikwenda kwa fundi Masanja, nikachambua rundo lake la mazabodi zilizokufa. Kampuni zote zimo, isipokuwa ile yenye nembo ya mwewe. Nikasema basi, hizi hazifi. Nikanunua ya mwewe. Bila kompyuta, steshenari yangu ni chumba chenye kalamu tu.

Leo Masanja alikuwa anaifunga kwenye kompyuta yangu, akaingia mzee mmoja mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, kiroba begani.

"Za mwewe zipo?"

"Si ulizibeba zote juzi, mzee?"

Nikamwamkia, nikamuuliza anazifanyia nini.

"Tunazichoma, mwanangu. Zina dhahabu kuliko nyingine zote."

"Kwani na zenyewe zinakufa?"

Masanja hakuinua hata kichwa. "Dada, zisingekufa mzee angekuwa anabeba nini?"

Kompyuta imewaka. Sina la kulalamika, bado.

Mzee aliitazama kwa upole, akaniomba namba ya simu. Nimempa.