Nyumba Iliyogoma Kupoa

Aberdeen, 3 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi na mkweo Tahiri tu wazima, tumbo nalo linazidi kukua. Hofu yetu ni kwako na hiyo miguu.

Mama, nje watu wamevaa makoti, ndani sisi tunayeyuka! Nyumba za huku hupashwa joto na maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba, na yetu imegoma kupoa. Nimeteremsha swichi ya joto ya ukutani mpaka mwisho, nimebadilisha betri zake, nimehangaika na koki za vyumbani. Wapi! Nakuandikia barua pepe hii nimejifunga kanga moja, madirisha wazi.

Najua ulishakataa, lakini naomba tena: njoo Septemba unipokelee mtoto. Sitaki kukandwa na mtu mwingine.

Mwanao,
Yasmini

Masasi, 5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, inalalamika tu.

Mimi na baridi hatupatani, unajua. Hata Newala kule mlimani kwa mama yako mdogo Sijaona, mwezi wa sita sipandi. Ndiyo maana nilisema siji huko. Lakini nyumba yenye joto kama Masasi, hiyo naiweza! Basi usiite fundi. Iache hivyohivyo mpaka nije, pasipoti nimeshaanza kuishughulikia.

Mama yako

Aberdeen, 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujambo na kazi za nyumbani?

Nimechelewa kujibu, nilikuwa natafuta maneno. Nesi alikuja akasema joto hili ni hatari kwa mtoto mchanga. Nikamwita fundi. Kidude kinachofungua na kufunga maji ya moto kilikuwa kimekwama wazi, amekibadilisha. Sasa nyumba imepoa, na mimi nimelia, maana najua hutakuja tena. Nimeona nisikufiche.

Mwanao,
Yasmini

Newala, 28 Julai

Yasmini mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa ukimya. Umeona naandika kutoka wapi? Niko kwa Sijaona tangu mwezi uanze, najizoeza! Asubuhi ukungu umejaa uani, mimi naoga maji ya baridi huku napiga kelele, majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Sijaona anacheka mpaka anakaa chini. Jana nimefagia uwanja bila sweta.

Kumwita fundi umefanya vizuri sana. Viza imetoka. Hata mngekuwa mnalala kwenye barafu, nakuja. Mwambie huyo aliyemo tumboni asitoke kabla sijafika.

Bibi yake