Mektilda wa Pili

Jumanne, 8 Julai 2025

Julieth kajifungua! Mtoto wa kike, huko Dar, wote salama. Nimelia, nimecheka, nimeunguza maharage. Vedasto kaja mbio kutoka uani akidhani nyumba inawaka, kumbe amekuwa babu.

Furaha haikumaliza hata saa. Leonia, mama yake Fikiri mkwe wangu, kaandika kutoka Nzega kwenye grupu la familia: mjukuu ataitwa Leonia. Basi. Na vile vimikono vya kusali vya kwenye simu. Mwanamke mwembamba kama ufito, lakini akikalia jambo halinyanyuki.

Mimi nataka Mektilda. Lilikuwa la bibi yangu, likaja kwangu, na zamu ya mwingine imefika. Fikiri kwa uoga wake kajibu kwamba bibi atakayetangulia kufika ndiye atakayetaja jina. Eti ili asionekane ana upande! Kisha kaniambia pembeni atanikatia tiketi ya ndege, maana Julieth ananililia nikamkande.

Ndege. Mimi!

Jumatano, 9 Julai

Nimefunga duka la vitenge mapema, nikaenda ofisi ya tiketi za ndege hapa Tabora. Mezani binti anaitwa Najiat. Mzaramo wa Kisarawe — mtani wetu kabisa sisi wa Tabora. Babu zetu walikuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani, wakigombana, wakipatana, ndiyo maana hadi leo Mzaramo akinitukana sina ruhusa ya kununa.

Kaniamkia vizuri, shikamoo mama, marahaba. Tulipojuana tu, akaanza. "Mtani, wewe peke yako ni msafara mzima. Kiti kimoja kitakutosha kweli?"

"Niandikie viwili," nikamjibu. "Kimoja changu, cha pili tubebee akili za Wazaramo, kama zitapatikana."

Tumecheka mpaka mteja wa nyuma yangu kasonya. Najiat akasema ombi la malipo litakwenda kwenye simu ya Fikiri. Nimerudi nyumbani mwepesi, roho kwatu.

Alhamisi, 10 Julai

Tiketi zimefika. Zimefika — siyo imefika.

Kiti cha kwanza: Mektilda. Kiti cha pili: Mektilda wa Pili.

Nimempigia Najiat. Kwanza kacheka, halafu akaona sicheki. Anasema alidhani pale kwenye viwili nilishatoka kwenye utani. Tena anasema kanuni yao ipo kweli: asiyeenea katikati ya mikono ya kiti analipia cha pili. Alikuwa anatafuta namna ya kuniambia, mimi nikamwahi. Na kompyuta ilikataa kiti kisicho na jina, ndiyo akaniongezea pacha.

Yeye simlaumu. Mtani ana leseni. Anayeniuma ni Fikiri. Kaona viti viwili, kalipa viwili, hakuuliza neno. Najua kwa nini: mwanamume gani atampigia mama mkwe wake kumuuliza habari za makalio? Adabu haimruhusu. Lakini aliyelipa bila kuuliza si ameshajibu? Kumbe siku ile ya harusi, alipokuwa ameinamisha macho mbele yangu kwa heshima, alikuwa ananipima!

Nimeumia, nisidanganye. Nimekula bakuli zima la michembe, viazi vitamu vikavu, kwa hasira, jambo ambalo halikunisaidia.

Ijumaa, 11 Julai

Babu wa babu yangu alitembea kutoka hapa hadi pwani na pembe ya ndovu begani. Alibeba mzigo wa watu, akalipwa. Mimi nabeba wangu mwenyewe, nalipishwa!

Nimemwambia Vedasto hivyo wakati wa chai. Kakoroga kikombe muda mrefu, dalili kwamba ana jambo. Kasema wenye ndege wanakosea kumtoza mtu mwili aliopewa na Mungu. Nikamwongezea andazi. Halafu akasema, lakini yule atakayekaa pembeni yako naye kalipia kiti kizima, mke wangu, siyo nusu.

Nikalirudisha andazi.

Na mtu mrefu je, mwenye magoti yanayomchoma wa mbele mgongoni? Analipia magoti? Na anayekoroma? Vedasto, ambaye anakoroma, kasema anakwenda kuangalia kuku. Lile neno lake la nusu limenikaa kichwani mchana kutwa. Anasema kwa uzoefu, si tunalala kitanda kimoja.

Leonia kaandika kwenye grupu kwamba atapanda basi Jumapili. Nikipaa mimi Jumatatu asubuhi, nitampita akiwa bado anatafuta daladala ya kumtoa stendi! Nimeandika: safari njema, mama Fikiri. Mungu atanisamehe. Vedasto naye, kwa mdomo wake mpana, akaweka pongezi: mke wangu anapaa Jumatatu.

Jumapili, 13 Julai

Leonia hajapanda basi. Kanyamaza kabisa kwenye grupu. Sipendi ukimya wa yule mwanamke.

Baada ya misa nilimfuata paroko ofisini kuombewa safari. Alipotoka kutafuta miwani, nikakiona kiti chake. Kina mikono miwili ya mbao. Nikajiuliza, si kama kile cha ndege hiki? Nikaketi.

Kuingia niliingia. Kusimama, nikasimama nacho.

Padre kanikuta katikati ya ofisi nimeinama, kiti kimening'inia nyuma. Hakushtuka. "Mama Julieth, hicho ni mali ya parokia," akasema, akakishika miguu, akavuta. Baraka nilipewa baadaye, tulipopumua wote wawili.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika nikiwa ndani ya ndege. Haijaondoka. Nacheka mwenyewe.

Uwanjani nimefika mapema, kitenge kipya, kilemba juu. Nani amesimama mbele ya meza ya Najiat, ambaye leo ana zamu ya uwanjani? Leonia! Alisoma ile pongezi ya Vedasto, akaliacha basi, akaja Tabora kutafuta ndege. Mkononi kashika beseni jipya la kumwogeshea mtoto, lina maua mekundu. Najiat anamwambia ndege imejaa, mpaka Alhamisi.

Kisha mtani wangu akaniona. Akaniita kando. "Mtani, kile kiti cha akili zetu kipo. Ni neno lako tu."

Nikarekebisha kilemba. Nimelionja lile neno kama asali ya msimu mpya. Leonia akaja taratibu, beseni kifuani, macho mekundu ya safari.

"Mama Julieth, nasikia una nafasi."

"Ninayo," nikasema. "Ila ya mwilini."

Hakucheka. Akasema tu, "Nami ni mjukuu wangu wa kwanza."

Ningeweza kukataa. Ningetangulia, ningetaja jina, na yule ufito angebaki Tabora na beseni lake. Lakini nilikiona kichwani kile kiti kitupu kando yangu, safari nzima, watu wakipita na kukitazama, kisha wakinitazama mimi. Sikutaka kufika kwa mwanangu nikiwa nimekaa na aibu yangu dirishani. Nikamwambia Najiat mpe. Akamwandikia pasi yake, akasema orodha ya abiria ya ndani ya ndege imeshatoka lakini tusijali.

Tumeketi. Mkono wa kiti katikati yetu umegoma kushuka, umekwama juu ya paja langu. Halafu mkanda haufiki. Natoka Tabora kwenda kumkanda mzazi, nashindwa na mkanda! Nimevuta, jasho linanitoka, nikaona mhudumu anakuja. Nilitamani sakafu inimeze, kama ingeniweza.

Leonia akauchukua mkanda mkononi mwangu. "Huu umekazwa," akasema kwa sauti ya chini. "Aliyekaa kabla yako alikuwa kama mimi." Akaulegeza hadi mwisho, akaupitisha, ukalia tak. Kisha akaunyanyua ule mkono wa kiti mwenyewe, akaurudisha nyuma kabisa. Ubavu wangu ukahamia kwake. Hakusogea.

Nilikuwa karibu kumwambia amwite mtoto apendavyo.

Mhudumu kafika na orodha yake. "Mektilda?" Nikaitika. Akatazama kiti cha Leonia, akatazama karatasi. "Na Mektilda wa Pili?"

Leonia kanigeukia. Mimi nikainamia shajara hii.

"Mama, hiki ni kiti cha Mektilda wa Pili. Ni wewe? Asiye kwenye orodha anashuka."

Leonia kakumbatia beseni. Kwa sauti ya kwenye maungamo kasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Nimemwambia mhudumu sikusikia vizuri, amwombe arudie.

Karudia!

Ndege inaanza kutembea. Leonia ananiuliza naandika nini. Nimemwambia jina. Ananiuliza la nani. La mjukuu wetu, nimemjibu, umeshaliitikia mwenyewe mara mbili.